Rozalia, fundi wa Gungu asiyeuza pawa saplai kabla ya kuitesa

Saa mbili na nusu asubuhi, Rozalia Nizigama anafuta meza yake kwa kitambaa kikavu na kupanga bisibisi kwa ukubwa wake. Nje ya kibanda chake cha ufundi hapa Gungu, mjini Kigoma, bodaboda inasimama. Abiria anashuka amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kitenge, na juu ya kitenge mfuko wa nailoni.

"Mwakeye, Mama Diana," anamsalimia Rozalia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Shikamoo. Mgonjwa wetu mlaze hapa mezani."

Mgeni ni Jeremia, mwalimu wa shule moja ya msingi kijijini Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Ameingia mjini jana kwa boti. Ndani ya kitenge mna kompyuta ya mezani, ya pekee shuleni kwao, iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi. Tangu Jumamosi imegoma kuwaka.

Humo ndimo ulimo mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Masomo manne yameshachapwa, mawili bado. Watoto 118 wanatakiwa kuufanya Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na boti ya kurudi inaondoka kesho.

"Kuna mtu kaniambia imekufa, tununue nyingine," anasema Mwalimu. "Sasa nyingine tutaitoa wapi?"

Rozalia, 39, anaichomeka kwenye umeme. Anabonyeza kitufe. Feni inazunguka kidogo, inasita, inasimama. Anafungua ubavu wa kompyuta, ananusa, anakunja uso. Anachomoa nyaya za pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vya ndani, kisha anachomeka ya kwake ya majaribio.

Kioo kinawaka.

"Haijafa, Mwalimu. Ilikuwa na njaa tu."

Jeremia anakaa kwenye stuli na kushusha pumzi. Kabla ya neno lingine, Rozalia ananakili mitihani yote kwenye flashi na kumkabidhi mkononi.

Inabaki kuchagua pawa saplai mpya, na hapo ndipo wateja wengi hubishana naye. Rafuni zimo mbili. Moja inang'aa, feni yake ina taa za rangi, na ubavuni imeandikwa wati 600. Ameachiwa wiki hii na mchuuzi mmoja amuuzie kwa Sh65,000. Nyingine ni kuukuu, imechubuka rangi, ya wati 350. Hiyo ni Sh40,000.

"Nipe hiyo mpya," anasema Mwalimu bila kusita. "Ya watoto isiwe mtumba."

"Subiri kwanza tuzitese."

Anavuka barabara na kuazima mizani kwa muuza dagaa. Ile mpya inagota gramu 700. Kuukuu inapita kilo moja na nusu.

"Uzito si ushahidi kamili, lakini unanitia shaka," anaeleza. "Wati 600 za kweli zinahitaji shaba na vyuma vya kupoza joto. Hapa vimekaa wapi?"

Kisha anaiunganisha ile mpya na balbu mbili za taa za mbele za gari, na kuweka mita kwenye waya wa volti 12. Balbu zinawaka, halafu zinafifia. Mita inashuka hadi 10.7. Harufu ya plastiki ya moto inaanza kutoka. Anazima.

Ile kuukuu inawasha balbu hizo hizo kwa nusu saa nzima. Mita haitoki kwenye 12.1.

"Kompyuta yako hata ikifanya kazi kwa nguvu zote haifiki wati 150," anamwambia. "Hii inakutosha na inabaki. Plagi zake zinaingia, matundu ya skrubu yanalingana. Rangi tu ndiyo imechakaa."

Mwalimu anacheka. "Basi nipe mzee huyo."

Ukali huo una chanzo chake. Rozalia alizaliwa Rusimbi, hapa hapa mjini, na alipomaliza kidato cha nne aliajiriwa kufagia na kutoa kopi kwenye duka la steshenari. "Fundi wa kompyuta akija, ufagio nilikuwa nauacha hapo hapo, naenda kusimama nyuma yake," anakumbuka.

Miaka 14 iliyopita alianza kujitegemea. Wateja walikuwa wakimkuta mezani na kumuuliza fundi yuko wapi.

Mwaka wa pili, alimfungia nesi mmoja aitwaye Agnesi pawa saplai mpya ya bei rahisi. Siku ya tisa ililipuka na kuunguza diski. Humo zilikuwamo picha zote za marehemu mama wa nesi huyo.

"Hakunigombeza," anasema Rozalia, sauti ikishuka. "Aliniuliza tu, 'Hata moja haijabaki?' Tangu siku hiyo, kitu ambacho sijakipima hakitoki hapa."

Leo mafundi wenzake humletea vifaa awapimie. Mwezi ukiwa mzuri hubakiwa na Sh450,000 baada ya pango na umeme. Ile pawa saplai inayong'aa aliirudisha kwa mwenyewe Alhamisi ile ile.

Jumatatu saa tano, simu yake iliita. Alikuwa Jeremia, na nyuma yake kimya cha darasa.

"Wako kwenye hisabati," alinong'ona. "Wote 118. Tulichapa mpaka karatasi ya mwisho. Wazazi wanauliza huyo fundi ni nani. Nimewaambia ni mama mmoja wa Gungu."

"Niliweka simu chini nikatembea mpaka barabarani na kurudi," anasema Rozalia, akitabasamu. "Nilishindwa kukaa."

Sasa ana mpango. Kuanzia Januari anataka kupanda boti mara moja kila mwezi na sanduku lake la vifaa, atembelee shule na zahanati za vijiji vya mwambao.

"Watu wanavusha kompyuta nzima ziwani kwa ajili ya kifaa kimoja. Mimi ndiye ninayepaswa kusafiri."

Kikwazo ni kimoja: hajui kuogelea, na ziwa analiogopa tangu utotoni. Anainuka, anafungua kabati na kutoa jaketi la kujiokolea, la rangi ya machungwa, karatasi ya dukani bado inaning'inia. Analivaa juu ya aproni yake ya kazi, anakaza mkanda.

"Unaonaje?" anauliza. "Limenikaa?"