Prosesa ya Viini Vinane

Hapa Balangdalalu mimi ni karani wa kata, mgeni kutoka Lindi, na ndiye ninayeitwa mtaalamu wa kompyuta. Basi nikautumia utaalamu huo.

"Mama, hii kompyuta kuukuu ina prosesa ya kiini kimoja," nilimwambia mtendaji wetu. "Ni kama kuwa na jiko moja: ugali ukibandikwa, mboga inasubiri. Mimi nafungua programu nyingi kwa pamoja. Nahitaji viini vinane."

Akaniamini. Angebishaje?

Ukweli ni kwamba kazi zote za ofisi zinahitaji programu mbili. Nyingine zote zilikuwa video za nyumbani: mama akikuna nazi, dada akigombana na jirani, wanangu wakinipokea likizo. Nilikuwa naziwasha zote pamoja, bila sauti, pembeni ya barua za kata, ili nyumba ijae watu. Lakini zilikwama kila mara. Mkono wa mama ulikuwa ukiganda juu ya nazi, na mimi naganda naye.

Jana kompyuta mpya ikafika. Fundi wa wilayani akahamisha mafaili yangu, akachomeka spika. Mtendaji alikuwepo, na wazee walikuwa wakisubiri huduma kwenye benchi.

"Tuipime kwa vile vyote unavyofungua," fundi akasema, akabonyeza kabla sijamzuia.

Hakuna kilichokwama. Lindi nzima ikaingia ofisini.

"Shikamoo, baba!" wanangu wakapaza sauti.

Wazee ndio walioitikia, "Marahaba!", kisha wakageukia mlangoni kuwatafuta watoto.