Abiria Niliyesahau Kumshusha

Shule niliishia darasa la pili, kutunga uongo mrefu siwezi. Haya nayasema kwa kuwa nimechoka kuyabeba peke yangu.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha. Niliendesha lori la kahawa la tajiri mmoja wa Omurushaka, lori unalokanyaga breki leo likasimama kesho. Ah, lori lile! Basi dada yangu Koku, aliyeolewa ng'ambo ya Kagera, kwa Wabelgiji, akaleta salamu: anaumwa, anataka kufia nyumbani. Tajiri akaniazima lori.

Kumbe ng'ambo magari hupita kulia, na mimi nimezoea kushoto! Niliposhuka kwenye pantoni nikazima injini. Saa nne asubuhi, jua kali. Usukani wetu uko kulia. Ukishika upande ule unaona mtaro tu, anayekuja mbele humwoni. Nirudi? Na Koku je?

Ndipo mzee akapandia mlango wa kushoto. Alikotoka sikuona, niamini.

"Shikamoo, mzee."

"Washa, twende. Nitakuwa jicho lako."

"Naogopa. Mkono unavuta kushoto."

"Wewe Mnyambo, ndizi unazila kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi na gari ulile kwa huo huo. Au na kula unaogopa?"

Akacheka, akanipa kahawa ya kutafuna, kwa mkono wa kushoto! Kwetu nani humpa mwenzake kahawa kwa kushoto? Nikapokea hivyo hivyo. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Tukaenda. "Pita. Ngoja, linakuja. Haya, pita." Woga ukaisha kabisa. Kwenye kona moja akasema taratibu, "Mkono wangu niliuacha hapa. Nilishika kushoto, kama kwetu." Nikatazama: mkono wa kanzu, ule wa kulia, mtupu. "Ukirudi nishushe mtoni, mwanangu. Usinivushe."

Koku tulimketisha katikati yetu. Njia nzima alinung'unika, "Kaka, mbona huku mlangoni kuna baridi?" Yeye hakumwona mtu. Mtoni akazidiwa, nikakimbilia pantoni. Mzee nikamsahau.

Koku alifia Nyaishozi, kwenye kitanda cha mama, kama alivyotaka. Hilo sijutii.

Lakini wiki iliyofuata, niko kwetu, nimeshika kushoto vizuri, nikasikia ubavuni, "Kulia, mwanangu, kulia!" Mkono ukatii. Nikaingia kwenye mibuni ya watu. Mama mmoja aliyebeba maharage alinusurika kwa kuyatupa na kuruka. Ilipotokea mara ya tatu nikamrudishia tajiri ufunguo. Tangu hapo natembea kwa miguu, na ubavu wangu wa kushoto haupati joto.

Nyinyi mnaovuka na magari, upande wa wenyeji mtauzoea siku moja, msiogope. Ila aliyewafundisha mshusheni kabla ya mto, hata kama mgonjwa analia.

Usingizini nasema, "Kulia, kulia." Mke wangu hudhani namlilia Koku. Nimemwacha adhani hivyo.