Ufa Uliopakwa Chokaa

Vumbi la baruti lina harufu yake, ya jiwe lililoungua, na pale Musonoi, mtaa wa kando ya mgodi karibu na Kolwezi, tulikula nayo chakula cha mchana. King'ora cha mgodini kikilia, mama alishusha bilauri kutoka kabatini, sisi tukashika sufuria, ardhi ikaruka mara moja, kisha maisha yakaendelea. Tulizoea kutikiswa kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Ila Jumapili moja, siku ambayo mgodi hupumzika, ardhi ilitikisika bila king'ora. Ilisukasuka, ikanguruma chini ya nyayo, na bilauri zote zikavunjika kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuzishusha. Tulipothubutu kurudi ndani, tulikuta ukuta wa matofali ya udongo, ule uliokuwa kichwani pa kitanda nilicholala na mdogo wangu Ilunga, umepasuka kutoka dirishani hadi chini.

Wiki hiyo zikaja habari kwamba wapimaji wa matetemeko wangepita nyumba kwa nyumba. Hapo mtaa mzima ukafanya kosa ambalo hadi leo linanichekesha na kunitia baridi: wageni wanakuja, basi nyumba zipendeze! Mama alikanda udongo, akaziba ufa, akapaka chokaa juu yake mpaka ukuta ukang'aa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alituambia kwa fahari. Baba alikuwa amesafiri kwenda Mutshatsha kununua makaa, na hata angekuwepo, sidhani angempinga. Tukalala chini ya ukuta ule tukinusa chokaa mbichi, nami niliogopa hata kugeuka.

Aliyekuja kwetu alikuwa injinia kijana, binti wa Kolwezi, amebeba chombo cha kupimia mitikisiko. Alitueleza kwa upole kwamba nguvu ya tetemeko ni moja, ile inayoachiliwa kule chini linakoanzia, lakini madhara yake hutofautiana nyumba na nyumba. Ndiyo maana chombo peke yake hakikumtosha, ilimlazimu azione kuta. Na kwa jirani zetu alikuwa ameona kuta nyeupe tu. Akagonga ukuta wetu kwa vidole, ukalia kama debe tupu.

"Mama, hii chokaa mulipakaa siku gani?"

"Jana, juu ya kuja kwenu. Nitapokea bageni mu nyumba ya kupasuka?"

"Muniache nikwangue kidogo."

"Hapana! Bajirani batanicheka."

Walisimama wakitazamana, mama akiwa ameuziba ukuta kwa mgongo wake. Mimi nilijua ufa uko wapi, nikautazama tu mgongo wa mama. Ndipo king'ora cha mgodini kikalia, na mama, kwa mazoea, akakimbilia kabati lisilo na bilauri tena. Ardhi iliporuka, udongo mpya ulimong'onyoka wote, na injinia akaingiza mkono ndani ya ufa mpaka kwenye kifundo.

"Leo hakuna mutoto wa kulala humu," akasema.

Mama alibeba godoro letu mwenyewe hadi sebuleni. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, tukiwa shuleni, ukuta ulianguka juu ya kile kitanda na kukivunja katikati. Nilidhani mama angelia. Badala yake alichukua kisu cha jikoni, akaingia nyumba za majirani moja baada ya nyingine, akikwangua chokaa yao huku wakimtukana. "Mukwangue! Mutoto wenu analala wapi?" Mficha uchi hazai, na siku ile mama aliufichua wa mtaa mzima bila haya. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda siku ile, nguo zimejaa vumbi jeupe, macho mekundu.

Sasa naishi mjini Kolwezi katika nyumba ya saruji na nondo. Ardhi ikitikisika, simu hunitajia ukubwa wa tetemeko kabla sijavaa viatu, namba ile ile kwa mwenye ghorofa na kwa mwenye matofali ya udongo. Wenzangu huisoma, wakaona ni ndogo, wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi humpigia Ilunga, aliyebaki Musonoi na wanawe. Siulizi limetikisa kiasi gani. Namuuliza watoto wanalala upande gani wa chumba, naye akijibu kwamba kuta ni nzima tu, nachukua funguo za gari nikazigonge mwenyewe.