Aliyeshusha Sauti

Juzi, kwenye ofisi ya kompyuta pale Ukunda, mama mmoja alileta disketi yenye sauti ya mwanawe aliyeko Ujerumani. Kompyuta yenyewe, ya mfumo wa Linux, ikawa bubu. Fundi, mtu wa bara, akakagua waya, akabadilisha spika, kumbe kiwango cha sauti kimeshushwa hadi sifuri.

"Nani alishusha hii?" akauliza, akipandisha.

"Shikamoo mama," mwana akasema kwenye spika.

"Marahaba," mama akaiitikia kompyuta, kiganja kifuani.

Papo hapo adhana ya alasiri ikaanza. Mama akamgusa fundi mkono.

"Mshushe kwanza, baba. Nimemngoja miaka minne, naye atangoja adhana."

Fundi akashusha hadi sifuri. Swali lake likawa limejibika. Watu wa hapa twashusha kwa adabu, kisha twaondoka tukasahau. Safari hii hakuna aliyeondoka.