Vidonge vya Mama Mkwe

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ambayo mke wangu alirudi kufundisha Ishiara baada ya likizo, mama yake aliponiomba nitoke jikoni ili ameze dawa. Nilimkumbusha kwamba kazi yangu ilikuwa kumwona akimeza. Akabaki ameketi na vidonge kiganjani, akitazama ukuta. Nami nikabaki nimesimama. Chai yake ya maziwa ilipoanza kufanya utando juu, nilitoka.

Mama mkwe alikuwa na saratani ya damu, ile inayowapata zaidi wazee na kwenda polepole. Tezi za shingo zilikuwa zimemvimba akiwa kwao Mikinduri, huko Tigania, na baada ya kuzungushwa zahanati kadhaa aliletwa Embu. Hospitalini hapo daktari mmoja mtafiti alikuwa akilinganisha njia mbili za kutumia dawa ileile. Wagonjwa wengine walimeza vidonge vichache kila siku. Wengine walimeza vingi kwa siku chache, kisha wakapumzika hadi mwezi uliofuata. Hakuna aliyejichagulia kundi. Ilifunguliwa bahasha, na ya mama mkwe ikasema kila siku. Dawa na vipimo vilikuwa bure.

Sharti moja halikuwa na mlango wa nyuma. Daktari alikuwa amegundua kwamba wagonjwa wakipata nafuu huweka vidonge akiba kwa siku mbaya. Kwa hiyo kila mgonjwa wa kila siku alihitaji mtu mzima wa nyumbani wa kumwona akimeza na kutia sahihi kwenye kadi. Asiye na shahidi angetolewa kwenye utafiti, na dawa ingeishia hapo. Kuinunua hatukuweza.

Mke wangu alikaa Ishiara Jumatatu hadi Ijumaa. Nyumbani Embu nilibaki mimi, fundi wa redio, na karakana yangu ilikuwa chumba cha mbele.

Lakini kwa wazee wa kwao Tigania, na wa kwetu pia, mkwe hamtazami mama mkwe wake akila. Tangu aje tulikuwa tumeishi vizuri na jambo hilo. Mimi nilikula karakanani, yeye jikoni, na tukaongea kupitia ukuta wa mbao. Alinieleza tabia za mbuzi wake mmoja mmoja. Mimi nilimsomea habari za damu kutoka kitabu cha biolojia nilichokinunua kikuukuu sokoni, na alipenda hasa kusikia kwamba seli nyeupe ni askari. "Basi wangu wamekuwa wengi na hawajui kazi," alisema, na sikuwahi kupata maelezo mafupi kuliko hayo.

Wiki hiyo nilisimama nyuma ya mlango kila asubuhi na kuandika nilichoweza kukithibitisha. Ijumaa daktari aliisoma kadi.

"Fundi, hapa umeandika 'nimesikia'. Umesikia nini?"

"Kikombe kikiwekwa mezani, Daktari. Halafu akakohoa."

"Hata mimi naweza kukohoa."

Nilimweleza. Alicheka, maana alikuwa mtu wa Kibugu, hukuhuku Embu, na mila hiyo aliijua. "Mimi mama mkwe wangu sijamwona hata akitafuna muwa," alisema. "Lakini nikikuachia wewe, nitamwachia kila mtu. Mwisho wa yote sitajua kama dawa ilishindwa au haikumezwa."

Kama fundi nilimwelewa. Ukibadilisha vipuri viwili vya redio kwa pamoja na redio ikalia, hujui ni kipi kilichokuwa kibovu. Alitupa hadi Ijumaa iliyofuata.

Mke wangu aliporudi jioni ile alimsihi mama yake. "Mama, ni kumeza tu. Hata hatatazama sana."

"Atatazama kiasi gani? Nusu?"

"Mama."

"Nifungue kinywa mbele ya muthoni wangu kama kifaranga? Afadhali nirudi Mikinduri na ugonjwa wangu." Muthoni ni mkwe, na alilitamka kwa upole, lakini tayari alikuwa anakunja leso zake.

Niliona kwamba jambo hili halikuwa la daktari wala langu kulikata. Lilikuwa la wenyewe, wenye mila. Jumamosi tulikwenda sote watatu Mikinduri na sukari, ugoro na blanketi, kwa shemeji yake mama mkwe, mzee aliyekuwa akichambua miraa, na wifi yake, dada mkubwa wa mzee huyo. Nilieleza sharti la daktari hatua kwa hatua. Mzee alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Dawa ni chakula?" aliuliza.

"Anaimeza na nini?" dada yake akadakia.

"Na chai," nilisema.

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Ameketi au amesimama?"

"Ameketi. Jikoni."

Bibi alimgeukia ndugu yake. "Umesikia? Chai ya maziwa, ameketi, jikoni. Hicho ni chakula kamili. Hata mimi ningemfukuza huyu mkwe."

Walizungumza kwa Kimeru kwa muda, na mengine yalinipita. Kisha mzee akatoa uamuzi: atameza nje ya nyumba, amesimama, kwa maji matupu. Mtu aliyesimama nje na maji hayupo mezani kwa mtu.

"Kondoo akinyweshwa dawa ya minyoo, nani husema amekula?" aliongeza.

"Sasa mimi ni kondoo?" mama mkwe aliuliza.

"Kondoo hana ubishi kama wako," wifi yake alisema. Mama mkwe alicheka mpaka akashika shingo iliyokuwa ikimuuma, na blanketi likapokelewa.

Jumatatu nilifika hospitalini kabla ya saa mbili kuuliza kama maji matupu yangeharibu kitu. Daktari alisema dawa hiyo huingia vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, na kwamba angefurahi chai icheleweshwe saa nzima baada ya dawa. Nilirudi nyumbani. Mama mkwe alisimama kando ya bomba la uani, akaweka vidonge mdomoni, akanywa maji, akameza.

"Andika, muthoni," alisema.

Niliandika "nimeona".

Tuliendelea hivyo hadi utafiti ukafungwa. Miezi michache tu tangu tuanze, kola ya gauni lake ilifungika tena. Daktari alipombonyeza chini ya mbavu kutafuta bandama iliyokuwa imevimba, hakuipata. Hakutuahidi kwamba amepona. Alisema ugonjwa umetulia, na kwamba atapimwa damu mara kwa mara. Mama mkwe alirudi kwa mbuzi wake, nami nikazoea kula karakanani bila mtu wa kuongea naye, jambo ambalo sikulipenda.

Nilikwenda duka la dawa mjini kuuliza bei ya vidonge vile, nikaongeza ada ya vipimo vya muda wote ule, nikatoa nauli ya Mikinduri, sukari, ugoro na blanketi. Tulikuwa tumeokoa shilingi elfu thelathini na nane, mia sita na arobaini.