Kiti cha Plastiki cha Mama Violeth

Hapa Nyasubi, mjini Kahama, watu wameshaamua kwamba mimi ni mtu wa usalama. Hawajaniuliza, na hawataniuliza, maana mtu wa usalama haulizwi. Wamejumlisha wenyewe: kijana wa Kisukuma, kapanga nyumba nzima peke yake, hana duka, hana bosi, haendi mgodini, anashinda ndani mlango umefungwa, ila ana laptopu mbili na waya wa intaneti umepitishwa dirishani. Sasa huyu anakula nini? Jibu wakajipa wenyewe, wakaridhika nalo.

Jina langu Maduhu. Natengeneza tovuti. Nimelieleza hilo mpaka mate yamenikauka: mwenye duka akitaka bidhaa zake zionekane kwenye simu, anakuja kwangu, mwenye nyumba ya wageni akitaka mtu aliyeko Mwanza ashike chumba kabla hajafika, anakuja kwangu. Watu wananisikiliza kwa adabu, wanaitikia "ahaa, kumbe," halafu nikigeuza mgongo wanaambiana kwamba hawa jamaa siku hizi wana visingizio vizuri.

Hiyo adabu ndiyo inayonichoma. Kijiweni kwa Mama Violeth, anapouza chai na chapati chini ya bati, kuna mabenchi ambayo watu wanabanana bega kwa bega, na kuna kiti kimoja cha plastiki chenye mikono. Kiti hicho ni cha mtendaji wa kata akipita, au mchungaji, au mgeni yeyote ambaye watu hawana raha ya kubanana naye. Mimi nikitokea tu, mtu ananyanyuka, anakipangusa vumbi, ananisogezea. Na mazungumzo, hata kama yalikuwa ya moto namna gani, yanahamia kwenye mvua. Mara imechelewa, mara imezidi, mara mpunga utaoza. Nimekunywa chai nyingi ya mvua mimi, jamani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiwacheka. Herman, fundi simu, Mzinza wa Buseresere, kibanda chake kinatazamana na kijiwe. Siku ya kwanza aliponikuta nimekalishwa kwenye kile kiti alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaniuliza kama nimeteguka mgongo. Akanivuta mpaka kwenye benchi, akawasukuma wenzake, nikabanwa katikati, goti langu kwenye goti la Mzee Stanslaus ambaye nusura amwage chai yake.

"Usalama gani huyu," aliwaambia, "Msukuma anayetaka kulia bando likiisha? Huyu ni mchunga ng'ombe wa kwenye kioo."

Jina likanibaki, na nililipenda. Ukiheshimiwa mwaka mzima, siku ukipata mtu wa kukutania unatamani umnunulie soda. Tangu hapo Herman akiwepo nilikaa benchi, na watu walilegea kidogo, wakathubutu hata kulalamikia umeme mbele yangu.

Hao ng'ombe wa kwenye kioo walikuwepo kweli. Baba yangu anafuga huko Shinyanga vijijini, na ng'ombe akipotea alikuwa akizunguka mnada kwa mnada akiuliza watu mpaka viatu vinaisha. Nikatengeneza tovuti ya mifugo iliyopotea: aliyepotelewa anaweka picha na alama ya ng'ombe wake, aliyemwona anasema kamwona wapi. Herman akajiunga nami kwa sababu mwizi naye anajua kupiga picha. Kazi yake ilikuwa kumpigia kila mtu anayetangaza, kumhoji pembe ikoje na chapa iko paja gani, na akiridhika ndipo tangazo linatoka. Hatukupata kitu hapo, ila tulicheka sana.

Kazi inayonilisha ni nyingine. Nina wateja Dar, na nina kampuni moja ya ng'ambo ambayo sijawahi kumwona mtu wake hata mmoja. Tunasalimiana kwa maandishi, tunaagana kwa maandishi. Nilipokuwa chuoni nilidhani nikiijua hii kazi nitakuwa nimeunganishwa na dunia nzima. Kweli nimeunganishwa, ila siku nyingine jua linazama sijatoa sauti mdomoni. Programu ikigoma inakuonyesha mstari uliokosea, unarekebisha, maisha yanaendelea. Watu wakikugomea hawakuonyeshi kitu, wanakusogezea kiti.

Halafu siasa zikaja kunimalizia. Wakati wa kampeni mgombea udiwani mmoja alinipa kazi ya tovuti yake, na wiki hiyohiyo akaja mpinzani wake, nikamtengenezea na yeye. Fundi cherehani anashona sare za vyama vyote na hakuna anayemuuliza roho yake iko wapi. Mimi nikaambiwa nimepandikizwa kotekote. Nilikasirika hadi nikataka kuhama. Nchi imefika mahali mtu anapima neno lake hata mbele ya sufuria ya chai, na siwezi kuwalaumu, hata mimi napima. Kilichoniuma ni kwamba mzani wote ulielekezwa kwangu.

Siku ya uchaguzi mtandao ukazimwa. Nilikaa kibarazani mikono mitupu, na waliopita wakadhani nimetumwa kukaa nje niwachunguze. Hakuna aliyejua kinachoendelea hata Mwanza. Kila aliyefika na basi alikuwa na uvumi wake. Herman, kibandani hana mteja, hasira zikampanda. Akashika simu akajirekodi sauti, akawasema wakubwa maneno ambayo sitayarudia kwa sababu nina mama, akaituma kwenye kundi la mtaa wetu, kundi ambalo tumo wote, mpaka mtendaji. Haikwenda, maana mtandao haukuwepo. Ilikaa palepale na kile kialama cha saa. Yeye roho yake ikatulia, akasahau.

Mtandao uliporudi, simu ikafanya ilivyoagizwa. Sauti ya Herman ikaingia mtaa mzima wakati mwenyewe yuko juu ya bati la mtu akifunga sola. Aliposhuka, kila mtu alikuwa ameshaisikia. Na zilikuwa siku zile ambazo unasikia fulani kachukuliwa, fulani kakimbia, na simu zenyewe zinaingia meseji za onyo. Akafuta, lakini utafuta nini kwenye masikio ya watu? Akafunga kibanda, akatupa laini yake, na kabla mchana haujaisha alikuwa ameshatoka Kahama. Akamwacha mkewe Suzana na mimba ya kujifungua wakati wowote.

Nikarudi kwenye kiti cha plastiki. Safari hii hawakunipangusia tu, walinitazama kama mtu anayejua Herman yuko wapi. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Herman arudi. Arudi kwa ajili ya Suzana na mtoto, ndiyo, lakini nisijifanye mtakatifu, nilimtaka arudi kwa ajili yangu. Bila yeye mimi sikuwa na benchi.

Asubuhi moja nikafungua tovuti ya ng'ombe nikakuta matangazo mapya yametoka. Fahali mwekundu wa Mwakitolyo, chapa paja la kushoto, maelezo yamehojiwa vizuri. Tuko wawili tu wenye uwezo wa kulitoa tangazo, na mimi sikulitoa. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka machozi. Jamaa kakimbia mji, kaacha mke na kibanda, ila ng'ombe wa watu hakuwaacha.

Kisha nikaona kile kidoti kwenye ramani. Nilipoitengeneza tovuti niliipanga iweke alama mahali ilipo simu ya kila anayeifungua, ili ng'ombe atafutwe jirani na alipoonekana. Sikufikiri kwamba na sisi tunawekewa alama. Kidoti cha Herman kilikuwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu.

Sikumwambia mtu. Ningeweza kumwandikia humohumo kwenye tovuti, lakini niliogopa atashtuka akimbilie mbali zaidi. Basi nikawa kila asubuhi, kabla ya kazi, nafungua ramani. Kikiwa kimesogea kidogo nasema kaenda kutafuta chai. Kikiwa palepale nasema leo kuna kazi nyingi. "Mwangaluka, Herman," nakiambia, na nakunywa chai yangu. Ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kwanza kila siku, na siku nyingine ya mwisho.

Suzana akajifungua mtoto wa kike. Nilikwenda kumpongeza, akanipa kichanga nikishike, akatazama mkeka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kama unajua alipo, mwambie mwanawe hajapewa jina. Anamngoja baba yake."

Nikasema nitajitahidi. Akanishukuru mno, kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, akaniomba kwamba kama kuna kosa la kulipia yuko tayari, asifanyiwe kitu kibaya. Ndipo nilipoelewa. Hakuniomba mimi rafiki wa mumewe. Aliiomba serikali, kupitia kwangu. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Hata hivyo nilikwenda kwa mtendaji kwanza. Alisema hakuna aliyemuulizia Herman. Ile sauti yeye mwenyewe aliisikiliza, akaguna, akaendelea na kazi zake. Basi. Nikapanda gari la Katoro, na kutoka Katoro nikachukua pikipiki mpaka Rwamgasa, vumbi jekundu limenijaa hadi kwenye nyusi. Nilimkuta pale kilipokuwa kidoti, kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, amepiga magoti mbele ya mota iliyoungua, mweupe wa unga wa mawe kuanzia nywele hadi vidole.

Aliinua macho, akaniangalia, akaangua kicheko.

"Mchunga ng'ombe wa kwenye kioo!"

Akanikumbatia, akaniachia ule unga wote shatini. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kuliko siku nilipopata kazi yangu ya kwanza. Nikamwambia yote kwa pupa: una binti, mama yake ni mzima wa afya, mtendaji hana habari na wewe, twende nyumbani. Akakaa juu ya tairi, akafunika uso kwa mikono yake michafu, akalia kidogo kwa furaha. Akataka kujua mtoto kafanana na nani. Nikamwambia kabahatika, kafanana na mama yake. Akanitukana vizuri.

Halafu akajifuta uso. Nikaona kitu kinapita usoni mwake polepole.

"Nani kakwambia niko huku?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema nimesikia kwa mtu wa Katoro, na labda leo ningekuwa na rafiki. Lakini huyu ni Herman, nikasema moyoni, Herman nitamficha nini? Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikamwonyesha kidoti. Kilikuwa hapo hapo tulipokaa.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipotoa tangazo la yule fahali wa Mwakitolyo," nikasema. Nikaongeza, nikidhani nampa neno la upendo: "Nilikuwa nakuona kila asubuhi."

Alikitazama kidoti kwa muda. Kisha akatazama pikipiki iliyonileta, akatazama barabara nyuma yake, kama kuna gari lingine linafuata. Akauliza nimemwonyesha nani mwingine. Nikaapa kwamba hakuna. Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, akainuka, akajipangusa suruali ambayo haikuwa na maana kuipangusa. Nikamwambia gari la jioni lipo, turudi wote. Akasema nitangulie, yeye ana mota ya watu ya kumalizia.

Alirudi, tena haraka. Nilisikia kwa Mama Violeth, na nilisikia mtoto kaitwa Hosiana, na kwamba watu walikwenda kula wali. Mimi sikuitwa. Nikajisemea wamesahau, nyumba ya mzazi ina mambo mengi. Nilipofungua tovuti nikakuta Herman amejiondoa. Matangazo ya ng'ombe yamejipanga yakingoja mtu wa kuwahoji wenye ng'ombe, na kwenye ramani hakuna kidoti tena.

Nikavumilia siku kadhaa, kisha nikashindwa. Nikaenda kijiweni. Nilimsikia kabla sijamwona, sauti yake iko juu, anasimulia mambo ya Rwamgasa, watu wamekufa kwa kicheko, Mzee Stanslaus anajifuta macho. Niliharakisha hatua. Nilikuwa nimeshachagua pa kukaa, pale kati yake na mzee, na nilikuwa na tusi langu tayari mdomoni.

Aliponiona akakatisha hadithi. Watu wakatazama vikombe vyao. Herman akanyanyuka kwenye benchi, akatoa leso mfukoni, akakipangusa kile kiti cha plastiki, mgongo na mikono yote miwili, akanisogezea.

"Karibu, mkuu," akasema. "Kaa hapa."

Nikakaa. Ningefanya nini? Mama Violeth akaniletea chai bila kuuliza. Herman mwenyewe akakohoa, akasema mvua za mwaka huu kwa kweli zimechelewa.