Breki za Mwalimu Nuzha

Miaka kumi na tisa Mwalimu Nuzha aliwafundisha wanawake wa Amman kuendesha gari, na miaka yote hiyo mguu wake wa kulia haukupumzika. Upande wake wa gari ulikuwa na pedali yake ya breki. Aliizoea mpaka akiwa jikoni anakaanga vitunguu, honi ikilia barabarani, mguu unakanyaga sakafu. Ndiyo maana breki kwake ziliisha upesi kama mkate.

Safari hii hazikuisha pedi tu. Diski nazo zilikuwa zimelika mpaka zikaota ukingo kama sinia, na kila akikanyaga, pedali inatetemeka chini ya mguu. Na kesho yake mwanafunzi wake Lubna, aliyekwishafeli mara tatu, alikuwa na mtihani wa mteremkoni kwa gari hilohilo. Baba yake Lubna alishasema: akifeli ya nne, basi, habari za gari ziishe.

Maduka mawili alikuwa ameshapita, hawana spea za gari lake. Likabaki la Abu Mutasim, aliyekaa nyuma ya meza na mkate wa ufuta mkononi.

"Karibu, mwalimu! Leo umemgonga nani?"

"Bado. Nilikuwa nakuja kukugonga wewe, ila nimekukosa mlangoni."

Wateja wawili na muuza kahawa wakacheka. Abu Mutasim akamwekea mbele boksi kubwa jekundu. Ndani mna diski zenye matundu kama chujio, na pedi za magari ya mashindano.

"Gari litasimama kama limeona polisi!"

Nuzha akapitisha kidole juu ya boksi, akamwonyesha vumbi. Habari za boksi hilo alizijua. Kuna kijana aliliagiza, halafu akaoa, pesa zikaishia kwenye ukumbi wa harusi.

"Hizi mpaka zipate moto ndiyo zishike," akasema. "Langu linaamka asubuhi na baridi, linashuka mlima na mtu anayetetemeka. Moto litaupata wapi?"

"Zinapata upesi. Naapa kwa kichwa cha mama yangu!"

"Na kelele?"

"Kelele gani? Zinaimba kidogo tu."

"Nipe diski za kawaida, zisizo na matundu, na pedi za kauri zisizolia."

"Zimeisha."

Sasa, kazi ya Nuzha ni kuangalia macho ya watu yanatazama wapi. Akaona jicho la Abu Mutasim limeteleza mpaka rafu ya chini, nyuma ya makopo ya oili, likarudi mbio.

Hakubisha. Akalikumbatia lile boksi jekundu.

"Haya, umeshamwapia mama yako, mimi nani nikatae? Tena kesho saa moja asubuhi nina mwanafunzi mpya."

"Hongera! Nani huyo?"

Nuzha akainama, akashusha sauti, maana mwanamume hatajiwi mkewe mbele za watu.

"Wa nyumbani kwako."

Mkate ukaishia njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Umm Mutasim?" Akajisahau, akamtaja mkewe yeye mwenyewe mbele ya wateja na muuza kahawa.

"Kumbe hakukwambia! Basi sikusema kitu. Tunaanza na ule mteremko mkali, unaoishia kwenye duka la vioo."

Wateja wakasogea, wanasikiliza kwa raha zao. Abu Mutasim akamtazama Nuzha, akalitazama boksi, taya likawa linatafuna na mdomoni hamna kitu. Mwishowe akapiga magoti nyuma ya makopo ya oili, akatoka na maboksi mawili bapa.

"Zilibaki hizi. Nilizisahau."

"Lakini mimi nimeshalipenda jekundu."

"Lete hapa, we mwanamke!" Wakavutana. "Hizi ndizo za barabarani, zinashika hata zikiwa baridi. Mwambie fundi asizishike usoni kwa mikono ya mafuta. Na leo uzizoeze kwanza, kanyaga polepole mara kumi, kumi na tano, usifunge breki ghafla. Umesikia? Polepole!"

"Nimesikia. Na mama yako uliyemwapia?"

"Alishakufa, Mungu amrehemu. Hana neno."

Kesho yake garini hapakuwa na Umm Mutasim. Nuzha hajawahi hata kumwona. Alikuwa Lubna, na mtahini pembeni yake, na Nuzha amesimama kando ya barabara, mguu wa kulia unakandamiza lami. Gari likashuka. Likafika kwenye mstari, likatulia kimya kama paka. Lubna akatoka analia na kucheka, karatasi ya kufaulu mkononi.

Simu ya Nuzha ikaita, namba asiyoijua.

"Mwalimu Nuzha? Mimi Umm Mutasim. Jana mume wangu kanigombeza mpaka chakula kikapoa, eti nasomea udereva kwa siri. Mimi sijui hili wala lile. Lakini alivyozidi kugomba, nikamwambia ndiyo, nasoma. Sasa, mwalimu, naanza lini?"

"Somo la kwanza lilikuwa leo saa moja," Nuzha akasema. "Umechelewa. Kesho uwahi."